Barua ya wazi kwa viongozi wa afya: tunaomba saa 1,000 za unyonyeshaji zinazohesabika

Dar es Salaam

Kwa Waziri wa Afya. Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Waganga wafawidhi na wauguzi wafawidhi wa hospitali zote zenye wodi za wazazi jijini.

YAH: WAKUNGA KUPEWA NJIA YA KUWA WASHAURI WA UNYONYESHAJI WENYE CHETI CHA KIMATAIFA

Waheshimiwa,

Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tuanze na tusichoomba. Hatuombi semina nyingine ya siku 3 yenye maji ya chupa, begi lenye nembo na cheti cha ushiriki. Vyeti hivyo tunavyo, vimejaa mafailini. Tunaomba zamu. Katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Dar es Salaam, yaani Amana, Temeke na Mwananyamala, wakunga 2 waachwe kwenye kazi ya unyonyeshaji kwa miaka 3 bila kuhamishwa, wawe na daftari la kuandika saa zao, na mwisho wa miaka hiyo walipiwe ada ya mtihani. Jumla yao ni watu 6.

Cheti tunachokisema ni IBCLC, yaani cha mshauri wa unyonyeshaji aliyethibitishwa kimataifa. Hutolewa na bodi ya kimataifa iitwayo IBLCE, iliyoanza kutahini mwaka 1985. Mlango wa mkunga kuingia humo ni mpana kuliko wa watu wengi, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Asiye na taaluma ya afya inayotambuliwa na bodi hutakiwa kwanza kupita kwenye masomo ya sayansi ya afya, kuanzia anatomia, fiziolojia na lishe hadi kuzuia maambukizi na kuokoa maisha ya mtu aliyezimia. Kisha, kutegemea njia aliyochagua, atafute saa 300 au 500 za vitendo huku msimamizi akimwangalia. Mkunga mwenye leseni hai anahesabiwa kuwa masomo yale amekwisha kuyasoma chuoni. Yanabaki mambo matatu: mafunzo ya saa 95, ambapo 90 ni za unyonyeshaji wenyewe na 5 za stadi za mawasiliano, saa 1,000 za kuwahudumia wanaonyonyesha, na mtihani. Mafunzo hayo na saa hizo zote ziwe zimepatikana ndani ya miaka 5 iliyotangulia siku ya kuomba mtihani.

Kwenye hiyo miaka 5 ndipo tunapokwama.

Saa 1,000 zinasikika chache kwa mtu anayeshinda wodini. Lakini bodi haihesabu zamu. Inahesabu muda aliotumia mkunga kumhudumia mama na mtoto kwa jambo la kunyonyesha. Kupima presha, kubadilisha dripu, kusafisha kidonda, kujaza faili, kumpeleka mgonjwa thieta: humo haiingii hata dakika moja. Kunyonyesha wanao mwenyewe nako hakuhesabiki, hata ungekuwa nao 6. Tuchukue zamu 20 kwa mwezi na miezi 11 ya kazi. Mkunga akipata saa 1 halisi ya unyonyeshaji kwa zamu, ana saa 220 kwa mwaka. Atafika 1,000 baada ya miaka 4 na nusu, akiwa hajaumwa, hajajifungua yeye mwenyewe na hajahamishwa. Akitengewa saa 2 kwa zamu anapata 440, na safari inakuwa ya miaka 2 na miezi michache. Tumeomba miaka 3 ili likizo, misiba na dharura vipate pa kuingia.

Sasa ratiba zetu zinavyopangwa, baada ya miezi 6 au 12 mkunga huondolewa wodi ya wazazi akapelekwa thieta, au wagonjwa wa nje, au wodi ya upasuaji. Tunaelewa kwa nini. Watumishi ni wachache, na kila mtu anatakiwa awe mwepesi wa kuziba pengo popote. Tatizo ni kwamba saa za unyonyeshaji zinazeeka. Anaporudi wodini baada ya mwaka mmoja na nusu, za mwanzo zimekwisha kula karibu nusu ya ile miaka 5, na mpya ndiyo kwanza zinaanza. Huko ni kuteka maji kwa pakacha. Kwa mtindo huu mkunga anaweza kustaafu akiwa na maelfu ya saa maishani mwake na asiwahi kuwa na 1,000 kwa wakati mmoja.

Kingine ni kalamu. Kitabu cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, cha wodi ya uzazi kinatuuliza kama mtoto amenyonyeshwa ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Tunajaza ndiyo au hapana, tunaendelea. Hakuna panapouliza mkunga alikaa na mama yule dakika ngapi, alikuta nini, alifanya nini, na walipoondoka mtoto alikuwa anameza au anachezea chuchu tu. Bodi inaweza kumtaka mwombaji athibitishe saa zake, naye atathibitisha kwa nini, kwa kumbukumbu za kichwani?

Daftari tunalolipendekeza ni kaunta buku ya kawaida yenye safu 8: tarehe, namba ya faili bila jina, umri wa mtoto kwa siku, uzito wa kuzaliwa na wa leo, tatizo, kilichofanyika, dakika, saini ya kiongozi wa zamu. Gharama yake ni ndogo kuliko chai ya semina moja. Mkijua vitabu vingapi tunajaza kila siku mtashangaa kwamba sisi wenyewe tunaomba kingine, ila hiki ni cha kututoa mahali.

Tuoneshe mstari mmoja wa daftari hilo unavyokuwa. Mzazi wa mtoto wa kwanza, siku ya 3, amerudi kwa bajaji kutoka Mbagala kwa kuwa mtoto amelia usiku kucha na matiti yamekuwa mawe. Aliruhusiwa saa 24 baada ya kujifungua, kama wengi wanaojifungua kwa njia ya kawaida. Maziwa mengi hushuka kati ya saa ya 48 na ya 72, kwa hiyo yamemkutia nyumbani, hana wa kumuuliza. Titi limejaa, ngozi inang'aa, weusi unaoizunguka chuchu umekakamaa na chuchu yenyewe imezama. Mtoto anapanua mdomo, anateleza, analia. Ukimsukuma kisogo anajirusha nyuma na kukataa kabisa.

Mkunga ambaye hajafundishwa hapo atamwambia mama aende akakande kwa maji ya moto, au atamtafutia pampu, ambayo itavuta uvimbe uje mbele zaidi. Aliyefundishwa ananawa mikono, anaweka ncha za vidole kuzunguka shina la chuchu na kubonyeza taratibu kuelekea kifuani, dakika 1, wakati mwingine 2 au 3, mpaka maji ya uvimbe yarudi nyuma na weusi ule ulainike kama ncha ya sikio. Anakamua matone machache kwa mkono. Ndipo anamleta mtoto: tumbo kwa tumbo, kichwa na mwili vimenyooka, pua ikabili chuchu. Anasubiri. Mtoto anapopanua mdomo kama anayepiga miayo, analetwa kwa haraka, kidevu kikitangulia. Akikamata vizuri, weusi unaoonekana juu ya mdomo ni mwingi kuliko wa chini, mdomo wa chini umebinuka nje, mashavu yamejaa bila kubonyea. Atafyonza harakaharaka kidogo, kisha polepole, na kila baada ya mfyonzo mmoja au miwili utamsikia anameza. Akiachia, chuchu itazamwe. Ikitoka duara, salama. Ikitoka imebapa upande mmoja kama rangi ya mdomo iliyokwisha tumika, alikuwa ameshika chuchu tupu, na kesho patakuwa na kidonda. Mama anarudia mwenyewe kwenye titi la pili, mkunga akiwa ameweka mikono yake nyuma. Zote hizo ni dakika 40. Mkunga mwenye wazazi 30 peke yake hana pa kuzitoa.

Na sisi wakunga tuna ya kwetu ya kusahihisha. Mji huu unaamini maji ya moto. Mzazi anakandwa tumbo, anakandwa mgongo, na mkono huohuo ukifika kwenye titi lenye uvimbe unaliminya kwa nguvu ili "utoe mgando". Wengi wetu tulifundishwa kitu kinachofanana na hicho: joto, kusugua, kukamua mpaka titi liwe tupu. Mwaka 2022 jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa unyonyeshaji, ABM, ilibadilisha mwongozo wake kuhusu uvimbe na maambukizi ya titi, na mkazo ukahamia kwenye kitambaa cha baridi, dawa ya maumivu, kupumzika, na kunyonyesha kwa kadiri ya mtoto bila kukamua kwa kupitiliza. Sababu inaeleweka ukifikiri jinsi titi linavyofanya kazi. Vijia vya maziwa vimebanwa na uvimbe unaovizunguka, na kusugua kwa nguvu kunajeruhi mishipa midogo na kuongeza uvimbe. Kukamua zaidi nako kunaliamuru titi litengeneze maziwa mengi zaidi, wakati tayari limeelemewa. Mkunga aliyemaliza chuo mwaka 2010 na hajapata mafunzo tangu hapo anafundisha ya mwaka 2010, na kosa si lake.

Kuna na suala la rangi ya ngozi, ambalo wenzetu wanaoandika vitabu vya mafunzo huko nje hulipita haraka. Vitabu vinasema titi lenye maambukizi "linakuwa jekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tunatafuta joto, ngozi inayong'aa na kuvutika, weusi uliozidi au wenye zambarau, na maumivu ya sehemu moja. Vivyo hivyo mtoto mwenye manjano: tunatazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, kwenye mwanga wa dirisha. Mtihani wa IBCLC una maswali 175 ya kuchagua, na mengi huja na picha. Anayejiandaa akiwa Temeke lazima azoee kusoma picha za ngozi zote mbili, ile ya mtihani na ile ya wodini kwake.

Watoto njiti ndio wanaohitaji kazi hii kuliko wote, na ndio wanaoikosa zaidi. Mama yuko wodi moja, mtoto yuko nyingine. Bila mtoto kunyonya, titi halipati amri. Ukamuaji unatakiwa uanze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 6 za mwanzo, ikiwezekana saa ya kwanza, na urudiwe mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, kwa kuwa homoni ya kutengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Siku ya kwanza mama anaweza kupata matone tu ya dang'a, akakata tamaa. Hapo ndipo anapohitaji mtu wa kumwambia kwamba mtoto aliyetimiza miezi, siku ya kwanza, hunywa mililita chache tu kwa mlo, na njiti hunywa pungufu ya hapo. Dang'a hiyo inakingwa kwa kijiko au kuvutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu ukiikamulia kwenye kikombe kikubwa yote inabaki ukutani. Kisha ni kikombe kidogo, kikigusa mdomo wa chini tu, mtoto alambe mwenyewe, ukimmiminia atapaliwa.

Utunzaji wa maziwa yaliyokamuliwa nao unahitaji akili ya hapa. Miongozo inasema saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji. Wodi ya Dar es Salaam mwezi wa Februari, umeme ukiwa umekatika, ina nyuzi 25 saa ngapi? Mama aambiwe kukamua na kumpa mtoto palepale, au kuwe na friji yenye kipimajoto na mtu wa kukisoma.

Waliojifungua kwa upasuaji tutawasemea kwa ufupi. Mtoto anaweza kuwekwa kifuani mwa mama humo humo thieta ikiwa wote wako salama, na akalazwa kwapani mwa mama, miguu ikielekea nyuma, ili asiguse mshono. Kinachozuia ni kwamba hakuna mtu aliyepangiwa kusimama pale.

Mtu asipopangiwa, wengine hujipanga. Wa kwanza ni mama mkwe au bibi. Huyu si adui yetu, na mkunga anayemjibu kwa ukali ameshindwa kabla ya kuanza, kwa kuwa bibi ndiye atakayekuwa chumbani saa 8 usiku. Yeye anaona mtoto analia, anasema ni chango, anatafuta maji ya dawa. Anaona maziwa "mepesi", anasema mtoto hashibi, na mwezi wa 3 uji unaanza. Kuna hofu ya kumbemenda mtoto, ambayo inamfanya mama aone aibu hata kusema kwamba ameacha kunyonyesha na kwa nini. Kuna kukata kimeo, mtoto akikohoa au akinyonya vibaya. Na siku hizi wapo wanaochanganya kimeo na ulimi uliofungwa, vitu viwili tofauti kabisa: kimoja kiko nyuma ya koo na hakina uhusiano wowote na kunyonya, kingine ni utando chini ya ulimi ambao mara chache unazuia mtoto kukamata titi na unahitaji kupimwa na mtu anayejua. Mshauri wa unyonyeshaji anayefaa hapa ni yule anayezijua habari hizi zote kabla hajafungua kitabu. Mkunga wa Dar es Salaam anazijua.

Wengine wanaojipanga ni wauzaji. Kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala zilipitishwa mwaka 1981. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na kuzitengeneza upya mwaka 2013. Kopo bado linasifiwa kaunta na kwenye simu. Ndiyo maana tunaandika wazi: fedha za mafunzo ya wakunga hawa 6 zisitoke kwa kampuni yoyote inayouza maziwa ya kopo, chupa au nyonyo, wala kwa "mdau" anayelipiwa na kampuni hiyo. Maadili ya cheti chenyewe yanakataza mgongano wa maslahi wa namna hiyo. Kama ni lazima kuchagua kati ya fedha hizo na kukaa bila mafunzo, tutakaa.

Halafu wako wanaojiita washauri wa unyonyeshaji mitandaoni baada ya kozi ya wikiendi. Baadhi wana moyo mzuri. Lakini mama mwenye jipu la ziwa analipia ushauri wa kubandika majani ya kabeji, na hana njia ya kujua nani ni nani. Baraza mnaweza kulimaliza hili kwa kuamua jina la mshauri wa unyonyeshaji litumiwe na nani, na kuweka orodha ambayo mzazi ataisoma kwenye simu yake.

Kuhusu yale mafunzo ya saa 95, sehemu kubwa inaweza kupatikana hapahapa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana kozi ya saa 20 ya watumishi wa hospitali rafiki kwa mtoto, mpango ulioanza mwaka 1991, na kozi ya ushauri wa unyonyeshaji ya saa 40. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu mwaka 1973, vyuo vya ukunga vipo. Kozi hizo mbili zinaingiliana kwa kiasi, kwa hiyo zisichukuliwe kana kwamba ni saa 60 mpya. Mapengo yanayobaki ni yaleyale ambayo mtihani unayapenda: dawa na kunyonyesha, magonjwa ya titi, watoto wenye maumbile tofauti ya kinywa, na ukuaji wa mtoto baada ya miezi 6. Tukiwa na wafundishaji wa famasia na watoto, mapengo hayo yanazibika kwa vipindi vya saa 2 kila wiki kwa mwaka mmoja. Cheti kiandikwe idadi ya saa, tarehe na mada. Vyeti vyetu vingi vimeandikwa "ameshiriki" tu, bila saa. Kwa bodi hicho ni karatasi.

Somo la dawa tunalisisitiza kwa sababu moja. Mama anaandikiwa amoksilini au parasetamo, anaambiwa aache kunyonyesha mpaka amalize dozi. Zote mbili zinatumika kwa anayenyonyesha. Siku 5 bila kunyonya zinatosha kuanza kukausha maziwa, na kwa mama mwenye VVU aliye kwenye dawa, kumchanganyia mtoto maziwa ya mama na vyakula vingine katika miezi 6 ya mwanzo ni jambo ambalo tumepigana nalo miaka mingi. Neno moja la kwenye dirisha la dawa linaweza kuubomoa ushauri wa kliniki nzima.

Kwa vifaa, hatuombi jengo. Chumba kimoja chenye mlango unaofungika, viti 3 vyenye mahali pa kuegemea, mito, kigoda cha kuweka miguu, sinki, vikombe vidogo vinavyochemshika, friji yenye kipimajoto, na mizani. Mizani tunaomba mtuelewe. Ile ya kuning'iniza inayotumika kliniki imegawanywa kwa gramu 100. Mtoto mchanga anayenyonya vizuri huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku. Kwa mizani hiyo, siku 4 zinapita kabla mshale haujasogea alama moja, na mama amekwisha kwenda dukani. Tunahitaji ya kielektroniki inayosoma gramu 5 au chini ya hapo. Mtoto hupoteza uzito siku za kwanza, na akifikia asilimia 7 mpaka 10 ya uzito wa kuzaliwa tunaanza kutafuta sababu. Anatakiwa awe ameurudia ndani ya siku 10 hadi 14, na kuanzia siku ya 5 awe anakojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24. Kwa vipimo hivi mkunga anaweza kumwambia mama "maziwa yako yanatosha" akiwa na ushahidi mkononi, na bibi naye akausoma.

Chumba hicho kifunguliwe siku ya 3 na ya 7 ya kila mtoto, bila foleni ya wagonjwa wa nje. Kila anayeruhusiwa aandikiwe tarehe kwenye kadi kabla hajachukua mzigo wake. Waliorudi kazini wakaribishwe pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Kwa anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, na kuishi Chanika, pembezoni, saa 2 hizo haziwezi kumfikisha nyumbani na kumrudisha. Atahitaji kukamua, na kukamua kunafundishwa.

Mkituuliza kama kuna haja, kwa kuwa Watanzania wananyonyesha tu, jibu liko kwenye takwimu za serikali yenyewe. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 59 ya watoto wa chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama pekee. Wa mwaka 2022 ulikuta 64. Tumesogea, na bado zaidi ya theluthi moja wanapewa kitu kingine. Hawa wengi mama zao wanataka kunyonyesha na wamekwama mahali.

Tunaliona pia swali la baada ya mtihani. Leo mkunga akikipata cheti kile, kesho anaweza kupangiwa wodi ya mifupa, kwa kuwa muundo wa utumishi haumjui. Tunaomba Wizara ipeleke hoja Utumishi, ofisi inayosimamia watumishi wa umma, ili ushauri wa unyonyeshaji utambuliwe kama ubobezi ndani ya ukunga, na Baraza liyahesabu mafunzo ya saa 95 kwenye pointi za kuhuisha leseni. Cheti chenyewe huhuishwa kila miaka 5 kwa pointi 75 za mafunzo endelevu, kwa hiyo asiyepewa nafasi ya kujisomea atakipoteza. Mpaka wa kazi nao uandikwe: IBCLC kwa cheti hicho pekee haandiki dawa wala hatoi utambuzi wa ugonjwa. Anachoruhusiwa mkunga kwa leseni yake ya ukunga kinabaki vilevile.

Bodi haimlazimishi mkunga awe na msimamizi wa kumwangalia ana kwa ana kwenye saa zake 1,000. Sisi tunaomba awe naye. Mtu anaweza kurudia kosa moja kwa saa 1,000 na akazisainiwa zote. Hata mara 2 kwa mwezi, mtu aliyebobea akae pembeni, atazame, aulize. Wakunga wenye cheti hicho wakiwa bado hawatoshi hapa, daktari wa watoto au mkufunzi wa unyonyeshaji anaweza kuanza.

Mtihani hufanyika kwa kompyuta, na sisi tutaufanya kwa Kiingereza. Ada hupangwa kwa madaraja ya nchi, hivyo mkunga wa hapa halipi sawa na wa Marekani, lakini kwa mshahara wa mwenye stashahada bado ni mzigo, na ndiyo sababu tumeiweka kwenye ombi. Walipiwe wanaomaliza saa, wasilipiwe wanaoahidi.

Mfano wa daftari, kurasa 2 zilizojazwa kwa visa vya kubuni, tumeuandaa na tuko tayari kuuleta ofisi yoyote mtakayotuambia, siku yoyote isiyo ya zamu ya usiku. Ratiba za robo ijayo zinaandaliwa mwezi huu. Tunaomba majina 6 yaachwe pale yalipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakunga wa wodi za wazazi, Dar es Salaam

Nakala: Chama cha Wakunga Tanzania, Chama cha Wauguzi Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania.